Kodi ya kalibresheni kwenye gari sio sababu ya kununua kontroo boksi nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye magari, na mafundi wenzangu pia wanisikie. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar. Siku hizi magari yanayoletwa na shida ya kamera yamekuwa mengi na mengi yao hayana kifaa kilichokufa hata kimoja, yana kodi ya kalibresheni tu, yaani namba ya kosa inayosema kamera inatakiwa ipimwe na kupangwa upya, ila mwenye gari keshaambiwa boksi la kamera (kompyuta ndogo inayoziendesha) limeungua atafute lingine.

Kuna dada aliletwa kwangu na ndugu yake, gari lake lina kamera nne, moja kwenye grili, mbili chini ya saiti mira na moja nyuma, halafu kuna kontroo boksi inaunganisha picha zote nne unaliona gari kwa juu kama umesimama kwenye dirisha la ghorofa. Nissan ndio walianza kuuza magari yenye mfumo huo Japani mwaka 2007, sasa yamejaa mjini. Huyu dada alivunjiwa mira ya kushoto akabadilisha, baada ya hapo picha ya kushoto ikawa haikutani na zingine, mistari imekatika, na taa ya onyo imewaka. Gereji aliyoenda walichomeka mashine ya kusoma kodi, wakaona kodi imetoka kwenye boksi la kamera, wakamwambia boksi limekufa. Akanunua la mtumba kwa hela nyingi tu, likafungwa, kodi ya kwanza ikabaki palepale na ikazaliwa ya pili inayosema boksi halijasanidiwa, yaani halijawekewa mipangilio ya gari hilo. Tulichofanya sisi ni kurudisha boksi lake la mwanzo, tukatafuta sakafu iliyonyooka, tukapima na kubandika alama za tepu, tukaingiza vipimo kwa mashine, picha zikakutana. Boksi lilikuwa zima muda wote!

Jamani kodi kutoka kwenye boksi haimaanishi boksi ndio bovu. Boksi ndio linalolalamika, na linataja linalalamikia nini. Magari mengi ya sasa kodi yake ina herufi na namba, halafu mwishoni kuna tarakimu mbili zimetengwa, na hizo mbili ndio mafundi wengi hawazisomi kabisa, yaani mtu anaona B au C na namba zake anakimbilia kutafuta spea. Hizo mbili zina maana yake kimataifa. 54 maana yake kalibresheni haijafanyika. 78 kifaa hakijakaa sawa au marekebisho yake sio sahihi. 76 kimefungwa vibaya, 55 hakijasanidiwa. Ukikuta 11 hapo sasa ni waya umepiga shoti kwenye bodi, 13 saketi imekatika, 87 kuna ujumbe haufiki kutoka boksi lingine. Sasa mtu mwenye 54 unamuuziaje boksi?

Na kabla hujagusa hata hiyo 54 angalia kama kuna kodi zinazoanza na U, zile za mawasiliano, na pima betri. Betri ikiwa imechoka maboksi yanaanza kupotezana, unapata kodi rundo, ukichaji vizuri nusu yake hazirudi. Ndio maana wakati wa kalibresheni gari linatakiwa liwe kwenye chaja ya kushikilia umeme, volti zikishuka katikati ya kazi inagoma. Kisha angalia sensa ya usukani, kama usukani umenyooka na mashine inasoma digrii kadhaa basi kaanze na alaimenti, yaani kunyoosha matairi, kamera iache kwanza.

Huku kwetu pia kuna mambo ambayo kitabu cha kiwandani hakikuyawaza. Watu wanainua magari kwa kuweka spesa kwenye shokapu ili wapite kwenye mashimo na matuta, wanaweka tairi kubwa, wanafunga chuma mbele ya bampa, wanabandika tinti juu ya kioo cha mbele mpaka inaziba pale kamera inapochungulia. Kamera inapiga hesabu kwa kujua iko urefu gani kutoka chini na imeinama kiasi gani, ukishainua gari hesabu zote zimehama. Fundi anaweza kuhangaika siku nzima kalibresheni inakataa kumbe upepo wa tairi hauko sawa au nyuma kuna magunia ya mchele.

Lakini linalonitisha zaidi ni kioo cha mbele. Yale magari yenye kamera nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, zile zinazosoma mistari ya barabara na kufunga breki zenyewe, mfano Subaru wenye EyeSight wana kamera mbili pale juu toka 2008, na Toyota nao wakaanza mfumo wao wa Safety Sense 2015. Kioo kikipasuka kwa jiwe mtu anabadilishiwa kingine, brekiti inayoshika kamera inagundishwa kwa kukadiria kwa macho, kamera inarudishwa, taa ikiwaka wanaifuta kwa mashine, hela inalipwa, kwaheri. Kamera ikiinama digrii moja tu, umbali wa mita 100 inakosea karibu mita moja na robo tatu! Hapo inaweza kuona gari la mstari wa pili ndio liko mbele yako, ikakufungia breki bila sababu, au ikaliacha lile la mbele yako kweli. Kufuta kodi hakujarekebisha kitu, umeondoa onyo tu, tena nyingine zitawaka tena zenyewe ukishatembea kidogo.

Japani wenyewe tunakonunua haya magari, toka Aprili 2020 kuna sheria kwamba gereji haigusi kamera hizi wala kutoa kioo chenye kamera mpaka iwe na kibali maalum cha kazi hiyo. Sisi gari ni lilelile ila kioo kinabadilishwa pembeni ya barabara kwenye mteremko.

Sisemi kila fundi awe na vifaa vya mamilioni. Gari lingine linataka ubao wenye michoro uwekwe mbele kwa kipimo cha milimita, na hapo bila ubao huna ujanja, mpeleke mteja kwa mwenye nao. Lingine linataka kuendeshwa tu kwa mwendo usiobadilikabadilika kwenye barabara yenye mistari inayoonekana mpaka lijipime lenyewe, sasa kwa foleni zetu hiyo kazi unaifanya Jumapili alfajiri. Kwa kamera nne mara nyingi futi kamba, tepu, sakafu iliyonyooka na mashine inayoingia kwenye hilo boksi vinatosha.

Ninachoomba ni hivi. VETA, wenye vyuo vya ufundi, waweke somo la kamera na kalibresheni kwenye mafunzo ya umeme wa magari, vijana wanamaliza wanajua alternator na staata halafu wanakutana na gari lenye maboksi kila kona. Kampuni za bima zikilipia kioo cha mbele zilipie na kalibresheni yake kama gari lina kamera, kwa sasa mteja anaambiwa hiyo ni juu yako basi anaiacha, na TIRA, mamlaka ya bima, wanaweza kulisimamia hili. Wauza vioo wamwambie mteja kabla ya kutoa kioo cha zamani, sio baada.

Na wewe mwenye gari ukiambiwa boksi limekufa, omba uonyeshwe kodi nzima pamoja na zile tarakimu mbili za mwisho, piga picha kwa simu, uliza walipima umeme na nyaya zinazoingia kwenye boksi na wakapata ngapi. Boksi likihukumiwa bila vipimo hivyo usitoe hela, lipeleke gari kwa fundi mwingine na picha yako.

Fundi umeme wa magari,
Tabata, Dar es Salaam