Rukia, nimefika kwa kina Bush

Tacoma, Washington

Mpenzi Rukia,

Salaam nyingi zikufikie. Sisi huku wazima, hofu ni kwako na kwa mama. Siku ile kwenye simu uliniuliza kama huku magharibi ya Marekani mtu mweusi ana historia yoyote, au ni habari za Wazungu na ng'ombe wao tu. Ngoja nikueleze, maana nimetoka Tumwater, si mbali na kwangu, na bado sijatulia.

Mwaka 1844 George Bush, mtu mweusi, mkulima na mfugaji mwenye uwezo wake, aliondoka Missouri, jimbo la utumwa. Alikuwa na mkewe Isabella, Mzungu, na watoto wao watano, wote wa kiume. Walifunga maksai wakafuata Njia ya Oregon, ile barabara ndefu ya wahamiaji kwenda magharibi, pamoja na familia za Wazungu, akiwemo Michael Simmons. John Minto, aliyekuwa msafarani, aliandika baadaye kwamba Bush alimwambia njiani: nikifika Oregon nikanyimwa haki za mtu huru, nitahamia upande wa Meksiko.

Alijua anachosema. Serikali ya muda ya Oregon ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka huohuo: mtu mweusi aondoke, akikaidi achapwe viboko, visipungue 20 wala kuzidi 39. Familia ikapitisha baridi karibu na The Dalles, kando ya mto Columbia, ikitunza mifugo.

Sasa nisikilize hapa. Akina Simmons hawakuzuiwa na mtu. Bonde zuri la Willamette, huko Oregon, lilikuwa wazi kwao. Hata hivyo walikataa kumwacha Bush. Mwaka 1845 wakaelekea naye kaskazini ya Columbia, ambako Waingereza wa Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, ndio waliokuwa na nguvu na sheria ile haikuwa na wa kuitekeleza, wakajenga mwisho kabisa wa kusini wa ghuba ya Puget Sound, ndipo Tumwater ya leo. Makazi ya kwanza ya Wamarekani kwenye ghuba hiyo yalianza hivyo, na mimi nimeishi huku miaka yote hii bila kuambiwa!

Usidhani nchi ilikuwa tupu. Ilikuwa ya Wanisqually na jirani zao, na mwaka 1854 wenyeji hao walitiwa kwenye mkataba wa Medicine Creek uliowaachia vipande vidogo tu vya ardhi yao. Siwezi kukusimulia ya Bush nikayaruka hayo.

Tulianzia kwenye maporomoko ya mto Deschutes, pale Simmons alipojenga kinu cha nafaka na cha mbao. Samaki aina ya salmoni walikuwa wanapanda mto. Wameshachakaa, mapezi yamechanika, anaruka mmoja, anapigwa na maji, anarudi, anaruka tena. Wanangu waligoma kuondoka.

Kutoka hapo tukapanda hadi Bush Prairie. Ni tambarare, na sehemu yake leo ni kiwanja cha ndege. Ndipo lilipokuwa shamba lenyewe. Familia ilikuja na mbegu za mti wa jamii ya jozi kutoka Missouri ikazipanda hapo. Na chakula kilipoadimika mwaka 1852, wafanyabiashara walitaka kumnunulia Bush nafaka yote kwa bei ya juu. Alikataa, akawagawia wahamiaji wapya ili wapate chakula na mbegu.

Nilikukumbuka sana kwa ile hati ya shamba la marehemu baba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1850 haikumpa mtu mweusi haki ya kumilikishwa. Ardhi aliyoilima miaka yote ile! Majirani wakamwombea kupitia bunge la eneo la Washington, ambalo halijawa jimbo bado, na mwaka 1855 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu kwa ajili yake na mkewe, ekari 640. Kura hakupewa. Alifariki mwaka 1863 bila kupiga hata moja.

Mwanawe mkubwa, William Owen, alichaguliwa mwaka 1889 kuingia bunge la kwanza la jimbo la Washington. Hilo nimewarudia watoto garini mpaka wamelishika.

Picha nitakutumia. Ukipata viza, The Dalles tutakwenda pamoja, ni safari ya kutwa kwa gari. Niandikie basi hati imefikia wapi, na mwambie mama dawa zake nimezipata, nitampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Nduguyo,
Zuhura