Dizeli au haibridi? Tuambie kwanza gari lako linashinda wapi

Watumishi wengi waliohamia Dodoma, wakitaka kuagiza gari Japani, wanapita gerejini kwetu na swali lilelile: "Fundi, nichukue Mazda ya dizeli au Toyota Aqua ya haibridi?" Na sisi tunawauliza: unalala wapi, ofisi iko wapi, na mwisho wa wiki unaelekea wapi?

Dizeli ina sifa zake za kweli. Lita yake moja ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10 hadi 15, na injini yake inabana hewa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inatoa kazi kubwa kwa mafuta machache. Mtu anayeshusha alizeti kutoka Singida, au anayekwenda Kondoa na Babati na Hilux iliyojaa mzigo, hatumshauri ahame. Injini ikishapata moto na spidi ikatulia, dizeli haina mpinzani.

Shida inaanza pale gari hilo linapogeuzwa kuwa la Kisasa–Mtumba, Mtumba–Kisasa, yaani la nyumbani na ofisini hapahapa Dodoma. Dizeli za miaka ya karibuni zina DPF, yaani chujio la kunasa masizi kwenye mfumo wa moshi. Likikaribia kujaa, injini inaongeza mafuta ili chujio lipande hadi karibu nyuzi joto 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo usiokatika, robo saa hivi. Wewe umeshafika ofisini, umezima. Kesho tena hivyohivyo. Yale mafuta ya ziada ambayo hayakuungua yanateleza kwenye kuta za silinda mpaka ndani ya oili. Chomoa stiki ya oili ya Mazda yenye Skyactiv-D, injini yao ya dizeli: juu ya alama ya F (imejaa) kuna alama ya X. Oili ikifika kwenye X, usifurahi kwamba gari halili oili. Inuse, itakuwa inanukia dizeli, na ukiipikicha vidoleni ni nyepesi. Hiyo imwagwe hata kama kilomita za sevisi bado, maana turbo inategemea oili hiyohiyo.

Kuna mafundi wanaomaliza kesi kwa kutoboa DPF na kuzima taa yake ya onyo kwa kompyuta. Sisi hatufanyi. Masizi yale hayapotei, yanakwenda kwa mwenye bodaboda aliye nyuma yako na kwa mama anayeuza ndizi stendi. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, inashinda palepale dizeli inapochoka. Kwenye foleni injini inazima, gari linasukumwa na mota. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Ila usiagize Aqua kwa kuamini ile kilomita 35.4 kwa lita ya matangazo ya mwanzo. Hiyo ilipimwa maabara huko Japani, bila mchanga wala matuta ya Nkuhungu. Na ukishika 100 moja kwa moja kwenye lami, hakuna breki, basi hakuna cha kurudisha. Linabaki gari dogo la petroli lenye injini nzuri. Ingawa barabara ya Morogoro, na zile hamsini za kila kijiji na tochi za trafiki, inalisaidia kidogo!

Kuhusu uchafuzi, watu wanalinganisha lita kwa lita, na hapo wanakosea. Lita ya petroli ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi, ya dizeli karibu 2.7. Dizeli linalokwenda kilomita 15 kwa lita linatoa gramu 180 kila kilomita. Haibridi ya petroli, ili ifikie kiasi hicho, ingebidi ishuke hadi chini kidogo ya kilomita 13 kwa lita. Kwa mizunguko ya mjini, Aqua nzima haifiki huko. Kwa shilingi, piga hesabu kwa bei kikomo za mwezi husika za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kwa sababu dizeli na petroli hupishana.

Sasa adui wa haibridi Dodoma ni vumbi. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na kwenye Aqua tundu lake liko ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kiangazi, ukiendesha vioo wazi kwenye barabara ya vumbi, feni inajaa, betri inachemka, na seli zinakufa kabla ya wakati. Tumefungua magari ambayo tundu lilikuwa limefunikwa kabisa na kava za viti. Kusafisha feni ni kazi ndogo. Betri mpya siyo.

Ukija kutaka ushauri, njoo na hesabu ya mafuta: jaza tangi, andika kilomita, tembea mpaka lishuke, jaza tena, gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Usitegemee dashibodi, huwa inajisifu. Dizeli liache kwetu jioni, stiki tutaisoma asubuhi oili ikiwa imeshuka yote. Mwenye haibridi atoe mizigo kiti cha nyuma, ndiko tunakoanzia.