Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watumiaji wa Kompyuta za Pamoja, Arusha

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirefusha. Seva zote 6 zimefanya kazi, feni 2 na betri 4 za UPS (kifaa cha kushikilia umeme unapokatika) zimebadilishwa, mafunzo ya wanafunzi wapya yamefanyika kila muhula na nakala rudufu zimechukuliwa kila usiku. Betri za zamani zilikufa mapema kwa sababu kiyoyozi kiliharibika Januari, mwezi wa joto hapa Arusha. Betri ya risasi ikishazidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa takribani nusu.

Nije kwenye suala lililozua maneno: kikomo cha saa 48 kwa kila kazi, yaani kila hesabu inayotumwa kwenye seva. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake, na kwamba tunawakomoa wanafunzi wa uzamivu. Si kweli, na naomba sababu zisikilizwe.

Kabla ya kikomo, wengi walijaza siku 14 kwenye hati ya kazi hata kama hesabu yenyewe inakwisha kwa saa 6. Slurm, mfumo unaogawa seva kwa kazi, hupanga foleni kwa kuamini muda ulioandikwa. Mtu akihitaji seva 4 kwa pamoja, mfumo humtengea moja moja kadiri zinavyoachwa, na wakati zinasubiri kutimia huchomeka kazi fupi kwenye pengo hilo. Kazi iliyoandikwa siku 14 haiingii kwenye pengo la saa 10, hata kama ingemalizika humo. Ndiyo maana viini vya vichakato (CPU) vilikuwa vinalala huku foleni imejaa. Nilikagua mwenyewe kwa seff, amri inayoonyesha kazi ilitumia kiasi gani cha ilichopewa: kazi moja ilishikilia viini vyote 32 vya seva kwa siku 9, ufanisi wa CPU ukiwa asilimia 3. Programu ile haikuandikwa kutumia zaidi ya kiini kimoja. Viini 31 vilikaa bure na hakuna aliyeweza kuvigusa.

Walalamikaji wanasema hesabu zao haziwezi kukatwa katikati. Zinaweza. Anayetumia GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, aweke -maxh 47 kwenye amri yake ya mdrun. Itasimama yenyewe na kuandika hali yake kwenye faili la .cpt, kisha kazi inayofuata iendelee kwa -cpi. Mwenye programu yake mwenyewe aongeze --signal=B:USR1@600 kwenye hati ili apate onyo takribani dakika 10 kabla, na aweke trap, agizo la kupokea onyo hilo, ya kuiamuru programu ihifadhi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: programu lazima izinduliwe kwa alama ya & ili iende nyuma ya pazia, kisha iandikwe amri ya wait. Bila hivyo bash, inayoendesha hati, haishughulikii ishara mpaka programu iishe, na onyo linapita bure. Kazi 3 zilizopotea wiki ya kwanza zote zilikuwa na kosa hilo. Kikomo hakikuzipoteza.

Kauli ya kwamba "hatukutangaziwa" naikataa. Tangazo lilitumwa kwa baruapepe mara 3, likabandikwa kwenye mlango wa chumba cha seva, na lilijitokeza kila mtu alipoingia kwenye mfumo. Hatukutegemea kundi la WhatsApp kwa sababu tangazo la kiufundi huzama pale chini ya pole na pongezi kabla ya saa moja kupita. Uamuzi wenyewe ulipitishwa kwenye mkutano wa Agosti, tukiwa watu 11 kati ya wanachama 83. Wengi wanaolaumu leo hawakufika, wala hawakutuma udhuru. Inaumiza kuitwa dikteta na mtu ambaye kiti chake kilikuwa kitupu.

Hali ya ada inasikitisha vilevile. Kwa ada ya Sh. 20,000, waliolipa ni 31. Zimeingia Sh. 620,000, zimetumika Sh. 410,000, zimebaki Sh. 210,000, na wadaiwa 52 wanadaiwa Sh. 1,040,000. Hao hao ndio wanaouliza kwa nini diski haiongezwi. Diski imefika asilimia 91. Ikijaa, kazi zote zinazoandika humo zitakufa pamoja, ya mlipaji na ya asiyelipa. Na msiangalie nafasi kwa amri ya df -h peke yake, angalieni na df -i: vifaili vidogo milioni kadhaa humaliza nafasi ya kusajili faili wakati gigabaiti bado zipo. Vifungeni viwe faili moja kwa amri ya tar.

Kwa mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatarajia kuongeza diski, na Mungu akijalia tupate hata seva moja yenye GPU, kichakato cha kufanya hesabu nyingi kwa pamoja. Mazungumzo na uongozi wa chuo yanaendelea vizuri.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti