Kwa mdogo wangu, kuhusu albamu uliyoizima

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema Long Live the Angels, albamu ya pili ya mwimbaji Emeli Sandé wa Uskoti, imekushinda, umeizima baada ya nyimbo tatu, ni kilio kitupu, na ile ya kwanza ndiyo ilikuwa albamu. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu wanaosema kama wewe ni wengi, na mimi jambo hili linanigusa.

Ya kwanza sibishani nayo. Our Version of Events ilitoka Februari 2012, na mwaka ule Uingereza haikuuza albamu nyingine kuipita. Ilivunja hata rekodi ya bendi ya Beatles, ambao albamu yao ya kwanza ilikaa kumi bora za mauzo Uingereza wiki 62 mfululizo. Binti aliyekulia Alford, kijiji cha Uskoti, akaacha masomo ya udaktari Glasgow, akaimba Olimpiki ya London siku ya kufungua na siku ya kufunga. Sisi wawili tuliimba naye sebuleni mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa mfikirie mtu huyo huyo anakaa zaidi ya miaka minne bila albamu mpya ya studio, na humo katikati ndoa yake changa inavunjika. Novemba 2016 ndipo anarudi. Wimbo uliotangulia unaitwa Hurts, yaani inauma, na nadhani jina hilo ndilo lililokutisha. Hebu urudie. Unaanza kwa makofi, tena ya haraka, kisha vayolini zinaingia, halafu sauti yake inapanda juu ya vyote. Hayo si makofi ya mtu aliyejilaza kitandani kifudifudi. Huyo amesimama wima, anasema mambo yake yote mpaka mwisho.

Wimbo wa kufungulia albamu ni Selah, neno lile la Zaburi ambalo baba alitufundisha kulisoma kama kituo: nyamaza kidogo, vuta pumzi. Ukifika hapo usiruke mbele kwa kidole kama ulivyozoea.

Lakini ninachotaka hasa ukisikie ni Tenderly. Kwenye wimbo huo ametajwa baba yake, Joel Sandé, pamoja na kwaya ya Serenje. Serenje iko Zambia, nchi ya huyo baba, ambaye kule Uskoti alikuwa mwalimu. Nilikuwa naosha vyombo, sikio moja tu ndilo lenye spika, zile sauti zikaingia nikaacha sufuria kwenye povu. Nilimwona baba yetu anagonga meza kwa penseli, anamtafutia kila mtu noti yake, wewe unang'ang'ania soprano, mimi nimetupwa alto. Hazikupakwa rangi sauti zile. Ni watu wanaoimba pamoja kama watu wanaojuana. Msanii ambaye angeweza kumwita mtu yeyote mwenye jina kubwa alipoumia akaenda kwa baba yake na kwaya ya kwao.

Ni kweli, albamu hii haikuuza kama ya kwanza. Kwenye chati ya mauzo ya Uingereza ilifika namba 2, na mwaka uliofuata akapewa Brit, tuzo ya muziki ya Uingereza, ya mwimbaji bora wa kike. Kuna wimbo mmoja au miwili ambayo mimi pia ningeifupisha. Ila mtu aliyekuwa na nyimbo za kuvuma redioni mkononi akachagua kuimba lililompata, huyo nampa saa yangu nzima.

Mambo yako ya mwaka huu siyataji hapa, unayajua, nami nayajua. Najua pia kwamba tangu Pasaka hujakanyaga mazoezi ya kwaya, na kitabu chako cha nyimbo bado kiko kwangu juu ya kabati.

Jumamosi nakuja nacho. Nabeba na ile spika ndogo. Usipike, nitapitia chapati njiani, tutaanza na Selah na simu yako utaniachia mimi.

Dada yako