Kwa vijana waandishi wa Katuba, Lubumbashi, kuhusu neno mliloitwa

Wanangu,

Nimesikia kwamba Jumapili mmoja wenu alikunja karatasi zake katikati ya hadithi, kwa kuwa msomi fulani alimwita écrivaillon. Mimi pia niliitwa hivyo ujanani. Nililibeba neno hilo miaka mingi bila kulifungua.

Ni Kifaransa: écrivain, yaani mwandishi, aliyefungwa mkia wa dharau, -aillon. Sisi Lubumbashi dharau tunaitia mbele, kwa ka-. Ila ka- yetu ina nyuso mbili. Katoto ni yule tunayembembeleza. Kamwandishi, sikiliza kwanza anayetamka.

Waingereza walifanya mtaa mzima kuwa tusi. Grub Street, London, walikaa waandishi maskini walioandika chochote kilicholipiwa. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alisema ni mtaa uliokaliwa sana na waandishi wa historia ndogondogo, kamusi na mashairi ya msimu. Kamusi, jamani! Mzee alijitia mwenyewe ndani, maana naye aliwahi kula kwa kuandikia magazeti. Mwaka 1830 mtaa ukapewa jina la Milton Street. Tusi likabaki na jina la zamani.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1965, hapa hapa, André Yav aliandika kitabu cha historia ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa niaba ya wazee waliokuwa maboyi wa Wazungu. Alikiandika kwa Kiswahili chetu cha mjini, kikapigwa mashine, maneno mengine yamegandamana, mengine yamekatwa vipande. Msomi wenu angekitupa. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mwanaantropolojia, alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na hadi leo wanahistoria wanakisoma, kwa sababu mji ulivyoonekana kutoka jikoni hakuna bwana aliyeuandika.

Hii si ruhusa ya kuandika ovyo. Hadithi ya Jumapili, nimeambiwa, ina wahusika watatu wanaosema kwa sauti moja. Hilo rekebisheni. Na kalamu ya kukodiwa muiogope kuliko matusi: niliwahi kumwandikia mkubwa mmoja hotuba ya kujisifu kwa bei ya mfuko wa unga. Bukari tulikula, lakini karatasi ile sijawahi kuwaonyesha watoto wangu.

Jumapili ijayo nitakuja na kiti changu. Aliyekunja karatasi azilete, aanzie pale alipokatizwa.

Mzee wenu