Barua kwa mwanangu anayekwenda Malawi na Zambia na timu ya mpira wa pete

Masasi, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote tu wazima, bibi yako anaendelea vizuri na mguu wake, na baba yako yuko shambani na vijana wakipuliza salfa, kwa kuwa mikorosho imeanza kuchanua na ugonjwa wa ubwiri unga haumsubiri mtu. Mwalimu wenu wa michezo amenipigia simu kunijulisha kwamba kibali cha safari kimepatikana na kwamba wewe umo katika orodha ya wachezaji kumi na wawili. Akaniambia pia kwamba umeipokea habari hiyo kwa unyonge, kwa sababu umewekwa upande wa akiba. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili halimaliziki katika dakika chache za simu ya matroni.

Nakuomba ulitazame kama mchezaji wa ulinzi anavyolitazama. Mpira wa pete huchezwa na watu saba, kwa robo nne za dakika 15, na katika mashindano ya hapa mkoani mwalimu anaweza kuwatumia wale wale saba tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Ziara ni kitu kingine. Mtakaa ndani ya basi kutwa nzima, mtashuka miguu imevimba, mtalala kwenye vitanda msivyovizoea, na kesho yake mtaingia uwanjani kucheza na wasichana waliolala kwao. Kisha mtapanda basi tena. Katika hali hiyo kifundo cha mguu cha mtu mmoja kitateguka, mwingine atapata homa au tumbo litamsumbua, na senta ataishiwa pumzi katika robo ya tatu. Mimi nilicheza nafasi ya ulinzi chuoni, na mpaka leo nasimamia timu ya watoto wa shule yangu, kwa hiyo nakwambia ninalolijua: sijawahi kuiona timu ya safari iliyomaliza na saba wale wale walioanza. Mwalimu anayechagua vizuri wachezaji wake wa akiba anajua kwamba siku moja atawategemea kabisa.

Tena kuna suala la hewa. Ninyi mnafanya mazoezi hapo Mtwara mjini, sawa na usawa wa bahari, wakati Mzuzu na Lilongwe ziko juu kwa zaidi ya mita 1,000 na Lusaka inakaribia mita 1,300. Si kimo cha kumtisha mtu, lakini hewa ni nyepesi kidogo, na mtu wa pwani huhisi tofauti anapokimbia mfululizo. Watakaoanza kuhisi ni senta na wachezaji wa pembeni, kwa kuwa wao hawana mahali pa kupumzika. Siku ya kwanza mkifika, pasheni misuli taratibu na mnywe maji mengi, hata kama baridi inawadanganya kwamba hamna kiu.

Sasa nije kwenye kazi ya benchi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Ukikaa pale, usiufuate mpira kwa macho, mwangalie mfungaji wao. Sheria inampa sekunde 3 tu za kukaa na mpira mkononi, na inamtaka mlinzi asimame umbali wa sentimita 90 kutoka mguu aliotua nao, kwa hiyo mambo yote yanaamuliwa katika nafasi ndogo mno na muda mfupi mno. Angalia anatua na mguu gani. Angalia kama anapiga hatua moja nyuma kabla ya kurusha, au anajivuta kuelekea kwenye nguzo. Wapo wafungaji ambao hukunja magoti mara mbili kabla ya kuuachia mpira, na huyo unapaswa kuruka katika mkunjo wa pili, kwa sababu ukiruka katika ule wa kwanza utakuwa unashuka wakati mpira unapaa. Wengine huitazama pete mara moja tu na kurusha papo hapo, na kwa hao mkono lazima uwe umeshanyooshwa kabla hawajageuka. Mtazame pia senta anayewalisha, uone kama anapenda pasi ya juu au ya kudundisha. Ukiitwa katika robo ya tatu ukiwa na mambo hayo kichwani, utaingia unamjua mtu unayemkaba, wakati yeye hajui lolote juu yako.

Na hamwendi kwa watu wa kawaida katika mchezo huu. Malawi ni nchi ndogo kuliko yetu kwa mbali, lakini kwa mpira wa pete ni miongoni mwa mataifa makubwa ya dunia. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 walishika nafasi ya sita, na mwaka 2023, mashindano hayo yalipofanyika Cape Town na kuwa ya kwanza kuchezwa katika ardhi ya Afrika, walishika nafasi ya saba. Mwaka 2018, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Australia, waliifunga New Zealand mabao 57 kwa 53. New Zealand ndiyo hiyo ambayo pamoja na Australia imeutawala mchezo huu kwa miongo mingi. Mfungaji wao maarufu, Mwawi Kumwenda, amecheza ligi ya Australia akitokea katika nchi ambayo wasichana wake huanza kurusha mpira tangu shule ya msingi, mara nyingi katika viwanja vya udongo kama hiki cha kwangu hapa. Hili ndilo ninalotaka ulione kwa macho yako. Vifaa tunavyovikosa sisi na wao wanavikosa, na bado wamefika pale. Utakapowaona wakicheza, tazama jinsi wanavyotembeza mpira kwa haraka bila kuushikilia, na jinsi mchezaji asiye na mpira asivyosimama hata kidogo. Nadhani siri yao kubwa iko hapo, ingawa nakuachia wewe uniambie baada ya kuwaona kwa karibu.

Mkikutana na viwanja vya saruji au lami, kuwa mwangalifu na kutua. Kwenye udongo wetu mguu huteleza kidogo na goti hupona, lakini juu ya saruji mguu hukwama palepale huku mwili ukiendelea kuzunguka, na vifundo na magoti ndivyo vinavyoumia zaidi katika mchezo wetu huu. Tua kwa miguu miwili kila unapoweza, magoti yakiwa yamekunjwa, na raba zile za zamani ziache nyumbani kwa sababu soli yake imekwisha. Nimekununulia nyingine kutokana na malipo ya korosho. Hazina jina kubwa, ila soli yake ni imara.

Njia yenu itapita Tunduru, Songea na Njombe hadi Makambako, kisha Mbeya na mpaka wa Kasumulu. Bibi yako haamini kwamba Songea siku hizi hufikiwa kwa lami, kwani anaikumbuka barabara ya Tunduru wakati wa masika, magari yakilala kwenye tope. Njombe kuna baridi kali mwezi huu wa Juni. Mkishavuka Mto Songwe mtafuata Karonga na kandokando ya ziwa, halafu barabara itapanda mlima wa Chiweta kwa kona kali kuelekea Mzuzu. Funga mkanda muda wote, na mkiona dereva anasinzia, semeni kwa sauti, hata kama ni mtu mzima na ninyi ni watoto. Katika jambo hilo hakuna utovu wa adabu. Ziwa lenyewe wenyeji wanaliita Malawi na sisi tunaliita Nyasa, na serikali mbili zimebishana muda mrefu kuhusu mpaka wake. Mgeni hana sababu ya kuuingiza ubishi huo mezani kwa mwenyeji wake.

Huko Malawi mtafika mpaka Mangochi, kwenye ncha ya kusini ya ziwa, na nimefurahi sana niliposikia hivyo. Pale ni kwa Wayao, ndugu wa hawa wa Masasi na Tunduru na wa upande wa Msumbiji, waliotawanyika kwa biashara na vita zamani, kabla mipaka hii haijachorwa. Kiyao ulichokuwa ukikionea aibu mbele ya wenzako, jaribu kukizungumza huko. Bibi yako anasema utaelewana nao, na kwamba ukisalimia wazee kwa lugha hiyo utapewa heshima ya mjukuu. Kwingineko Kichewa ndicho kinachotawala, na ndicho kitakachokufaa mpaka Chipata na Lusaka kule Zambia, ambako wanakiita Kinyanja. Muli bwanji ni salamu, na zikomo ni shukrani. Ukishukuru, piga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, utakavyowaona wenzako wa huko wakifanya. Chakula hakitakupa shida, maana ugali wao ni ugali, na samaki wa chambo ni mtamu. Siku ya mechi tu ndiyo usile kitu ambacho hujawahi kukila.

Mambo ya fedha na saa nayo yanahitaji akili. Malawi wanatumia kwacha na Zambia wanatumia kwacha, lakini ni fedha mbili tofauti na thamani yake haifanani hata kidogo, kwa hiyo usizichanganye katika pochi moja, na usibadilishe kwa vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi mpakani. Mwachie mwalimu kazi hiyo. Nchi zote mbili ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tena wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo mechi ya saa tisa asubuhi ya kwao ni saa tatu kwa hesabu yetu, na hapa Masasi itakuwa saa nne. Ukitaka kunipigia, nipigie jioni ukishakula.

Mkifika Lusaka, nakuomba umwambie mwalimu awapeleke kwenye makaburi ya wachezaji wa timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Zambia, karibu na Uwanja wa Uhuru. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyokuwa ikiwapeleka kwenye mechi ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, na watu wote 30 waliokuwamo wakafa. Mwaka 2012 Zambia ikarudi kucheza katika mji huo huo na kulitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Côte d'Ivoire. Sikuandikii haya kukutisha. Mimi ni mama na nitakuwa macho kila usiku mtakapokuwa njiani, lakini nimesaini fomu ya ridhaa kwa moyo wangu wote, na ningependa usimame mbele ya majina yale ujue kwamba wapo waliosafiri kwa ajili ya mchezo, na kwamba nchi yao haijawasahau.

Basi lenu litapita hapa Masasi. Nitakuwa stendi na sweta mbili, raba, kadi ya chanjo ya homa ya manjano uliyoiacha kabatini, na korosho zilizobanguliwa za kuwapa wenyeji wenu. Usishuke kama mwalimu hajaruhusu, nyoosha tu mkono dirishani.

Nina ombi moja pia. Nunua daftari dogo, na kila mtakapofanya mazoezi pamoja na shule za Malawi, andika wanayofundishwa: namna wanavyopanga mstari wa kudaka, mazoezi ya kuruka wanayoanza nayo, na wanavyomfundisha mtoto mdogo kurusha kabla mkono wake haujapata nguvu ya kufikia pete. Chora na michoro. Watoto wangu wa darasa la tano wana hamu kubwa, lakini nguzo yetu iko juu mno kwao, na sijapata njia ya kuwafundisha bila kuwaharibia mkono. Muulize mwalimu yeyote wa huko jinsi wanavyolitatua hilo, kisha uniandikie jibu lake kabla hata hujaniambia matokeo ya mechi.

Wadogo zako wanakusalimu.

Wako,
Mama