Barua ya malalamiko: Mashine ya kusafisha meno inayoanza kwa msukumo wa juu kabisa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: KASORO YA MASHINE YA KUSAFISHA MENO KWA MAJI NA MAELEZO YASIYO SAHIHI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kulalamikia mashine ya mkononi ya kusafisha meno kwa mkondo wa maji niliyoinunua kwenu kwa matumizi ya nyumbani, yangu mimi na ya binti yangu aliyefungwa vyuma vya kunyoosha meno. Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kila inapowashwa, mashine hii huanza kwa msukumo wa juu kabisa, hata kama mara ya mwisho ilizimwa ikiwa katika kiwango cha chini. Mtumiaji hana namna ya kuupunguza kabla maji hayajatoka, kwa kuwa kitufe cha kuchagua kiwango hakifanyi kazi mpaka pampu iwe tayari inasukuma. Kijitabu chenu kinamwagiza mtumiaji mpya aanze na kiwango cha chini na kupanda taratibu kadiri fizi zinavyozoea, nalo ni agizo jema, ila mashine mliyoiweka ndani ya boksi hilohilo haimpi nafasi ya kulitii.

Mashine za aina hii hazisafishi kwa kumwaga maji tu. Pampu husukuma maji kwa mapigo ya haraka, zaidi ya 1,000 kwa dakika, na kila pigo huukandamiza ufizi kisha kuuachia, hivyo kulegeza na kutoa mabaki ya chakula na ukoga laini uliojificha kati ya meno na chini kidogo ya ukingo wa fizi. Msukumo ukiwa hafifu mno, uchafu hubaki. Ukizidi, fizi ambazo tayari zimevimba huuma na kutoa damu. Daktari wa meno Gerald Moyer na mhandisi wa mitambo ya maji John Mattingly ndio waliobuni mashine ya namna hii mwaka 1962 huko Fort Collins, Colorado, nchini Marekani, na sioni kwa nini mteja wa leo auziwe kazi ya mhandisi peke yake, ya daktari ikiachwa nje.

Kwa mtu aliyefungwa vyuma, kasoro hii ina uzito zaidi. Chakula hunasa kwenye nyaya na kuzunguka vibati vilivyogandishwa juu ya meno, mahali ambapo uzi wa meno hupita kwa shida, na kwa sababu hiyo fizi za hapo huwa nyepesi kuvimba. Hao ndio watu wanaofaidika sana na mkondo wa maji, na ndio hao picha ya kwenye boksi lenu inawaita. Binti yangu akiwasha mashine, pigo la kwanza humfanya aitoe mdomoni kwa mshtuko, maji yakaruka hadi kwenye kioo, na sasa haitaki kabisa.

Nilipowasiliana na mhudumu wenu, alinishauri nielekeze ncha kwenye sinki, niwashe, nipunguze msukumo, ndipo niitie mdomoni. Ushauri huo unapingana moja kwa moja na kijitabu, kinachosema ncha iwe tayari ndani ya kinywa, midomo ikiwa imefumbwa kidogo na mtumiaji ameinamia sinki, ndipo mashine iwashwe. Isitoshe, tangi la mashine ya mkononi ni dogo, na sehemu ya maji huishia sinkini kabla hata jino moja halijaguswa. Mhudumu alimalizia kwa kusema kwamba mtumiaji atazoea. Jibu hilo sikulipenda, na ninaamini ninyi pia msingelipenda kama fizi zingekuwa zenu.

Kuna pia suala la tangi lenyewe. Mmeelekeza limwagwe na kukaushwa kila baada ya matumizi, jambo ambalo ni la lazima, kwani maji yanayolala humo hujenga utelezi wa vijidudu ambao kesho yake husukumwa kwenye fizi. Hata hivyo, tangi hilo halichomoki, na tundu la mfuniko wake ni jembamba kiasi kwamba hata kitambaa hakipiti.

Mwisho ni maneno yaliyoandikwa kwenye boksi kwamba mashine hii “inaondoa haja ya mswaki”. Maneno hayo si kweli, na yanaweza kumdhuru anayeyaamini. Mkondo wa maji ni msaidizi wa mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Hauwezi kuchukua nafasi ya kusugua ukoga ulioshikamana na uso wa jino, na ugaga uliokwisha kuwa mgumu huondolewa na mtaalamu wa meno kwa vifaa vyake. Wala sikuona popote onyo la kuwataka watu wenye vali bandia za moyo, au waliowahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, wazungumze na daktari kabla ya kuitumia.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie fedha zangu zote, au mnibadilishie mashine hii kwa nyingine inayoanza kwa kiwango cha chini, au inayokumbuka kiwango kilichochaguliwa, na ambayo tangi lake linachomoka. Pia ninaomba maandishi ya boksi na kijitabu yarekebishwe kwa wateja wote. Nitashukuru kupata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi, picha za boksi na za tangi, pamoja na video fupi inayoonyesha mashine ikiwashwa. Mashine yenyewe nimeirudisha kwenye boksi pamoja na chaja na ncha zake zote, na mnaweza kutuma mtu aichukue kwa gharama zenu.

Wenu mwaminifu,

Mteja